Mpandishe Jumatano

Luanda Kotieno,
5 Februari 2024

Kwa Mama mkwe, Bi. Saumu binti Muhidin, Mbita.

Salamu Mama. Mimi niko mzima, natumaini wewe na Nuha mko wazima.

Karanga alifika Jumamosi ndani ya kikapu chenye ulimpa Ouma. Ouma anasema kazi yake ni kufunga kamba za feri, si kupakata mbwa, lakini alimshika vizuri tangu Mbita mpaka hapa gatini, hata kama alimtapikia kwa kiatu. Nilifungua mdomo yake nikaona ufizi ni mweupe, nikajua ni ugonjwa ya kupe. Leo asubuhi nimempeleka Bondo kwa daktari wa mifugo. Amechomwa sindano mbili na amepewa vidonge vya siku kumi na tano. Kwa mizani alikuwa kilo sita na nusu. Daktari akauliza kama nimemletea mbwa ama sungura. Nikamwambia huyu analinda mtoto wangu kushinda vile mbwa zangu kubwa zinalinda maduka ya watu.

Mama, najua unaona ni ajabu kuandikiana barua na mtu yuko ng'ambo ya maji tu. Lakini unajua masikio yangu. Miaka saba kando ya mashine ya kusaga iliyamaliza, simu kwangu ni kelele tupu. Na ujumbe ukija kwa simu yako, Nuha ndiye anakusomea, na kuna mambo mtoto hafai kusoma. Tena kwetu Wajaluo mtu na maro wake, mama ya bibi yake, hawaongei ovyo ovyo wala hawakai nyumba moja. Karatasi inatuwekea adabu.

Nuha anaendelea aje bila Karanga? Tafadhali usimwache karibu na jiko. Mbwa yako akipona nitamrudisha mara moja.

Mkwe wako,
Joram Ondiek


Mbita,
8 Februari 2024

Baba Nuha,

Salamu zimefika, na za kwangu pokea. Mbwa ni wako, si "yako". Ugonjwa ni wa kupe. Nakusahihisha tangu siku ulipokuja kuposa na sijui nitachoka lini.

Nuha ameanguka mara mbili tangu Karanga aondoke. Jumapili alianguka juu ya vitambaa vya sare za shule, hakuumia. Jana kaangukia mlango, kapasuka nyusi. Zamani, kila mara kabla ya kifafa kumshika, Karanga alikuwa akimbwekea na kumvuta sketi, naye mwenyewe anakaa chini, anangoja, kinamjia akiwa ameshakaa. Dakika tano zile ndizo zilizokuwa maisha yetu. Sasa nimemfunga leso kiunoni, na ncha ya pili nimeifunga kwenye mguu wa cherehani. Mtoto wa miaka kumi na mmoja. Akitaka kwenda chooni ananiomba nimfungue. Wateja wakiingia naona haya, najifanya ni mchezo wetu.

Wenzangu msikitini waliniuliza zamani mbwa wa nini nyumbani kwangu. Niliwaambia anakaa barazani, bakuli lake liko mbali, na kikitokea cha kutokea najua kuosha mara saba. Sijamgusa hata siku moja. Lakini nakuambia kweli, Baba Nuha, asubuhi nikifungua mlango na baraza ni tupu, naliita jina lake kabla ya kukumbuka.

Nuha naye ana lake. Juzi kaniuliza, Karanga akifa nani atamjulisha? Anataka azae, ili mtoto wake afundishwe kazi mapema. Nilimwambia Mungu akipenda.

Mponye upesi.

Saumu


Luanda Kotieno,
10 Februari 2024

Mama,

Nisamehe kwa haya naandika. Ningekuwa na dada hapa ningempa kalamu aandike yeye.

Karanga anakula vizuri na ufizi umerudi rangi. Lakini amefikia siku zake. Unanielewa. Mimi nimemfungia kwa stoo ya mahindi. Jabali, lile dume langu kubwa lenye uliliogopa siku ya mazishi ya binti yako, limekwaruza mlango mpaka mbao imetoboka, na halili. Kila jioni natoa damu kwa makucha yake.

Siku hizi hazikai sana. Niambie unataka nifanye nini, nitafanya hivyo. Sitauliza mara ya pili.

Joram


Mbita,
12 Februari 2024

Baba Nuha,

Barua yako nimeisoma na kuichana Nuha asiione. Mambo mengine yalikuwa hayana haja ya kuelezwa hivyo, na mimi sitayarudia.

Kwa hilo uliloniuliza jibu langu ni moja. Usingoje vidonge viishe. Mpandishe Jumatano hii hii, ukichelewa tutajuta. Nuha nimemwambia kwa juu juu, amefurahi, ameshaanza kutandika boksi.

Saumu


Luanda Kotieno,
16 Februari 2024

Mama,

Nimefanya kama uliagiza. Jumatano nilimpandisha, ikakataa. Nilijaribu karibu saa nzima. Leo asubuhi nimempandisha tena, na mara hii ikakubali. Sitaeleza zaidi, kwa heshima.

Ouma anakuletea yeye pamoja na hii barua na vidonge vimebaki vitatu. Amechoka, mwache alale.

Mimi ningekuwa na neno kidogo la kusema, lakini wewe ndiye umeamua, na tangu lini mimi nikakupinga.

Joram


Mbita,
20 Machi 2024

Baba Nuha,

Ramadhani imenipa kazi nyingi, kila mama anataka nguo ya Idd kwa wakati mmoja, ndiyo maana nimekuwa kimya. Sikukushukuru, na ulistahili. Jumatano ile mimi na Nuha tulikaa gatini tangu asubuhi, mpaka tukaambiwa magugu maji yamejaa upande wenu na feri imegeuza. Kwa hiyo uliposema ilikataa nilielewa. Na ulivyorudia Ijumaa bila kuambiwa, nikasema moyoni kumbe mtu huyu ana subira.

Tangu arudi Karanga amebweka mara nne, na mara zote nne Nuha alikaa chini kwa wakati wake. Jeraha la nyusi limepona. Leso nimeifungua kutoka cherehani, naivaa mwenyewe.

Nuha analala usingizi wa watoto wengine. Mimi nashona bila kugeuza shingo kila dakika. Sikujua shingo inaweza kuuma hivyo kwa woga peke yake.

Lakini ulimlisha nini huko? Amenenepa, tumbo limemshuka, ngazi ya baraza anaipanda kwa kusitasita. Mpunguzie mwenzako chakula ukimpata tena.

Saumu


Luanda Kotieno,
24 Machi 2024

Mama,

Barua yako imenichanganya. Tumbo hilo si mafuta, na nilifikiri unajua kuliko mimi.

Hesabu siku sitini na tatu kuanzia 16 Februari. Inaangukia katikati ya Aprili, inaweza kupungua siku mbili tatu. Mpe dagaa na uji kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo limebana. Asiruke ngazi. Nilikuwa nangoja wewe uniulize maswali, hukuuliza, nikasema labda ni aibu, na mimi pia nikaona aibu.

Uliposema nimpandishe nilishtuka, nakwambia ukweli. Nilisoma mara mbili. Lakini uliandika Nuha anataka azae, na boksi limetandikwa. Nikasema Mama ameamua.

Joram


Mbita,
27 Machi 2024

Joram,

Leo sikuiti Baba Nuha.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kumpandisha gani? Mimi nilisema umpandishe feri. Feri, Joram. Chombo kile kinachofunga kamba mbele ya macho yako kila siku. Nimekulia dukani kwa baba yangu Kisumu, tulipandisha magunia, tulipandisha wagonjwa, tulipandisha wanafunzi na masanduku yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika mimba kwa kupandishwa. Boksi Nuha alilitandika Karanga apate pa kulala akirudi. Ukaona barua ya mama mkwe wako, mwanamke anayeswali, ukaamini amekuagiza jambo lile kwa neno moja, na hukuona vibaya?

Ungeuliza. Mstari mmoja tu: Mama, una maana gani? Lakini wewe hujui kuuliza. Unajua kukaa. Mwaka ule Mwanaidi wangu alipokuwa anajifungua kwako, mtoto amekwama, mimi niko chumbani nimemshika mabega, wewe ulikuwa umekaa uani juu ya kigogo. Binti yangu akafa na mtoto wake tumboni, na wewe hukutoa neno. Miaka sita nakuona juu ya kigogo kile.

Na ni dume gani? Nijibu hilo bila adabu zako.

Saumu


Luanda Kotieno,
30 Machi 2024

Mama,

Ni Jabali.

Yuko kilo hamsini na mbili. Jumatano hakuweza kumfikia. Ijumaa nikaweka matofali matatu, nikamsimamisha Karanga juu, nikamshika kichwa. Alilia. Mimi silisikii neno la mtu vizuri, lakini kilio kile nilikisikia kwa mikono. Nimezalisha mbwa miaka tisa na najua hiyo haifanywi. Dume mdogo kwa jike kubwa, sawa, atazaa. Dume kubwa kwa jike ndogo ni kuweka gunia ndani ya mfuko wa sukari. Nilijua nikiwa nimeshika kichwa. Nilifanya kwa sababu mara ya kwanza tangu mazishi uliniomba kitu, na niliogopa nikiuliza utasema Joram hata hilo hawezi.

Jana nimeenda Bondo kumweleza daktari. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Anasema wiki zile za kwanza kulikuwa na sindano ya kutoa mimba, sasa siku zimepita, inaweza kumwua mwenyewe. Anasema wakiwa watano au sita tumboni wanabanana, wanabaki wadogo, anaweza kupita. Lakini akiwa mmoja au wawili, kila mmoja anapata nafasi ya kukua, kichwa kinakuwa cha baba na njia ni ya mama. Inabidi apasuliwe kabla uchungu kuanza. Amekubali kumpasua Jumatatu tarehe 15. Nitaomba Ouma amlete na feri ya asubuhi Jumamosi tarehe 13, alale kwangu siku mbili. Jabali nitamhamisha kwa mjomba, hatamwona.

Sasa ile ingine. Siku ya Mwanaidi pikipiki ilikuwa imewaka nje. Niliiwasha mara tatu. Nilituma mama jirani akuulize kama tumpeleke hospitali, akarudi akasema wewe umesema tungoje, hata Nuha alichelewa na alikuja salama. Mimi siwezi kuingia chumba bibi yangu anazaa na maro wangu yuko ndani. Siwezi kukupinga mbele ya watu. Nikazima pikipiki. Nikakaa kwa kigogo. Sijawahi kusema hiyo kwa mtu yeyote, hata kwa kanisa. Nimesema leo kwa sababu umeniambia niwache adabu.

Joram


Mbita,
4 Aprili 2024

Baba Nuha,

Nimeipata. Ya Mwanaidi sijibu leo. Nimefunga, na sitaki kuandika na mdomo mkavu.

Jumamosi tarehe 13, feri ya asubuhi, Ouma atakuja naye. Nuha nimemwambia Karanga anakwenda kwa daktari. Ameuliza ni nani atamwangalia yeye siku hizo. Nimemwonyesha leso. Hakucheka.

Anabweka bado. Jana alijiburuta kutoka boksini na tumbo lile, akamfikia, akambwekea, akarudi kulala.

Saumu


Luanda Kotieno, gatini,
13 Aprili 2024

Mama,

Ni saa nane na niko hapa tangu asubuhi. Mvua imeleta magugu kutoka kila upande, maji haionekani, imekuwa kama shamba la sukuma. Wanasema feri haiendi leo wala kesho, labda hata Jumatatu. Nimeomba Aloo wa duka akupigie, anasema simu yako haipatikani. Najua stima imepotea huko pia.

Barua hii naipa dereva wa lori la saruji anazunguka na Kisumu na Homa Bay, ameahidi ataifikisha kesho.

Usingoje feri. Tafuta gari ya Homa Bay, huko kuna daktari wa mifugo. Karanga akikataa kula na mwili ukipoa, uchungu uko karibu. Akitoa maji ya kijani na hakuna mtoto ametoka, au akisukuma nusu saa bila kitu, hiyo ni hatari, mbebe uende. Usimvute mtoto kwa nguvu. Usichemshe maji, watu huchemsha maji kwa mazoea tu, hayana kazi yoyote hapo. Na Nuha asikae karibu na jiko siku hiyo, kwa sababu Karanga hataweza kufanya kazi mbili.

Tafadhali usingoje. Hii mara nasema. Usingoje.

Joram


Homa Bay, hospitalini,
22 Aprili 2024

Baba Nuha,

Barua yako ya gatini imenifikia hapa wodini Alhamisi iliyopita. Dereva alisema lori lilikwama siku tatu kwenye tope. Nilikuwa nimeshajua yote yaliyoandikwa humo.

Jumatatu asubuhi Karanga hakula. Nikatoka kutafuta gari. Wenye magari wawili walikataa, mbwa, na tena anayetoka maji. Dalmas mwenye probox akasema atanipeleka akitoka kushusha abiria, baada ya adhuhuri. Nikarudi nyumbani nikakuta ametoa yale ya kijani. Sikujua maana yake. Nikafanya alichofanya mama yangu na mama yake, nikabandika sufuria ya maji. Nuha nilimwambia akae jikoni ayaangalie, mimi niko barazani na kitambaa.

Karanga alikuwa anasukuma. Kisha akaacha kusukuma, akainua kichwa, akaanza kubweka. Alibweka akiangalia mlango wa jikoni. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkatalia, akajiburuta juu ya saruji na mimi nikamrudisha boksini kwa ufagio, kwa sababu bado sikutaka kumgusa. Akabweka tena. Nikamwambia nyamaza, kila anayezaa anaumwa. Nilimwambia hivyo, Joram. Nilimwambia avumilie. Nilidhani ni uchungu. Miaka minne mbwa yule anabweka kwa sababu moja tu, na siku hiyo nikamfanya ni mwanamke anayelialia.

Nikasikia sufuria.

Mkono wa kulia wote, shingo, na kifua upande mmoja. Nuha alianguka na kuivuta. Nilimmwagia maji ya mtungi mpaka yakaisha. Dalmas alipofika nilimweka Nuha kiti cha nyuma, nikarudi barazani, nikambeba Karanga kwa mikono yangu miwili, nikamweka mapajani juu ya buibui. Nilikuwa sijui kwamba ni mwepesi kiasi kile. Hata na mzigo ule tumboni. Alikuwa na joto na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kwenye kiganja changu. Kichwa cha mtoto wake kilikuwa kimetokeza na kukwama, naye amekufa tayari. Njia nzima aliinua shingo kumtafuta Nuha kwa macho. Akafa kabla hatujafika Homa Bay, na mimi sikumwambia dereva, nisije nikamwambia Nuha.

Daktari wa mifugo alimpasua baadaye kwa ombi langu, nilitaka kujua. Walikuwa wawili. Wote wamekufa. Wa pili alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Nuha yuko wodini. Wanasema ataishi. Ngozi ya shingo itamvuta upande, huenda asigeuze kichwa vizuri. Ameshaanguka mara tatu kitandani, na kila mara bandeji zinafunguka, na wanaanza upya, na kilio chake kinafika mpaka langoni. Nimewaeleza wauguzi, lakini ni wawili na wodi ina watoto thelathini.

Nimemzika Karanga nyuma ya baraza. Nilinawa mara moja tu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kwa mtoto. Mara sita zilizobaki bado ninazo.

Na lile la Mwanaidi. Mama jirani alikuja kuniuliza, ni kweli. Na mimi nikasema tungoje. Nilisikia pikipiki ikiwaka na nikasikia ikizimwa. Nimelijua hilo miaka yote sita.

Saumu


Luanda Kotieno,
25 Aprili 2024

Mama,

Sijui naandika nini. Nimerarua karatasi nne.

Ouma alipigiwa simu kutoka Mbita, akaniambia habari ya Nuha Jumatano ya wiki ile, na Alhamisi nikazunguka na barabara mpaka Homa Bay. Nilifika hospitali saa kumi. Nilikuja mpaka dirisha ya wodi. Nikamwona Nuha amefungwa nyeupe, na wewe umekaa kando yake umeshika mguu. Nilitaka kuingia. Lakini ulikuwa ndani, na umevua mtandio kwa sababu ya joto, na kwetu mtu akimwona maro wake hivyo wanasema ni chira, laana inaangukia mtoto. Nikasema mtoto huyu asibebe ingine. Nikasimama mpaka wageni wakatolewa. Nikarudi.

Sasa najua ni kigogo kile kile, tofauti ni nilikuwa nimesimama.

Jabali nimempatia mtu wa Bondo mwenye shamba, na sizalishi tena. Yale matofali nilitupa kwa ziwa.

Nisamehe. Siombi unijibu.

Joram


Mbita,
6 Mei 2024

Baba Nuha,

Sikukuona dirishani. Nuha alikuona. Alisema baba yuko nje, nikamwambia ni homa, hakuna mtu. Kwa hiyo na hilo nalo nimemkosea.

Tumerudi nyumbani juzi. Shingo imevuta kama walivyosema. Haongei nami sana. Amekaa barazani karibu na boksi, boksi hataki litolewe. Jana ameniuliza swali, naye si mtoto wa maswali mengi: Nyanya, sasa nani atajua kabla yangu? Nikachukua leso, akanyoosha mikono mwenyewe ili nimfunge. Hapo ndipo nilipokaa chini na kulia mbele yake, jambo ambalo sijalifanya tangu Mwanaidi.

Daktari anasema hakuna mbwa wa kununua anayejua kazi ile, na dawa mpya itachukua miezi kabla ya kumtuliza, kama itamtuliza. Kinachobaki ni macho ya mtu, mchana na usiku, mtu asiyefanya kingine. Macho yangu yako kwenye sindano, maana nikiacha kushona hatuli. Yako hayana kazi sasa, umesema mwenyewe. Masikio hayahitajiki. Karanga hakumsikia, alimwangalia.

Ile mila yenu si yangu. Niliishika kwa sababu ilinifaa. Ilikuweka uani, na ukiwa uani sikulazimika kukuangalia usoni na kukumbuka nilichosema chumbani. Heshima yako ilikuwa ya kweli. Yangu ilikuwa ukuta tu. Nimemwuliza yule mzee wa kwenu anayeuza nyavu hapa, anasema kuna namna ya kuiondoa, mbuzi na maombi, na mkwe anaruhusiwa kuingia akiwa na sababu. Nimempa sababu. Akasema ni sababu.

Chumba cha uani nimekipaka chokaa. Kina mlango wa kwako. Lakini mchana utakaa humu ndani, kwenye kiti karibu na mtoto, na mimi nikiwa kwenye cherehani, na tutaongea. Nikisema jambo ambalo halikuingii akilini, utaniuliza. Hata mbele ya watu. Hata nikikasirika.

Magugu yamepungua, feri imerudi. Jumatano panda. Nakuandikia lote nisibakishe neno: panda feri, wewe Joram Ondiek, feri ya saa nne asubuhi, kutoka Luanda Kotieno mpaka Mbita. Nuha nitakuwa nimemshika mkono gatini. Kama kuna chochote hapo hukukielewa, usije ukakaa nacho. Niulize.

Saumu